Misokoto Mitano na Cheti cha Kuzaliwa

Karani wa korti husoma shtaka kwa sauti isiyopanda wala kushuka: kwamba tarehe fulani, mahali fulani ndani ya Jamhuri ya Kenya, ulipatikana na misokoto mitano ya bangi kinyume cha sheria. Ni kweli au si kweli? Kijana wa kidato cha tatu, aliyekesha seli na kunong'onezwa kwamba akikubali atalala nyumbani, hujibu kwa maneno mawili: "Ni kweli." Kesi imekwisha hapo. Kilichobaki ni adhabu, na kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamfungia mlango wa rufaa, isipokuwa kulalamikia ukubwa wa adhabu hiyo au uhalali wake.

Polisi hawakuhitaji kuleta shahidi hata mmoja. Hakuna aliyeulizwa misokoto ilitoka mfukoni mwa nani, wala kama kilichomo ndani ni bangi au majani makavu ya kitu kingine. Ukizitazama kesi hizi kwa karibu utaona kwamba pupa ya upande wa kijana humwangusha kabla ushahidi haujafunguliwa.

Mwaka 2022 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili zinazomgusa kijana huyu, na kila moja inamvuta upande wake. Moja ni marekebisho ya Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, yaliyoleta faini za mamilioni na vifungo vya miongo. Nyingine ni Sheria ya Watoto, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, inayosema mtoto hapelekwi jela. Ipi kati ya hizo itamshika hutegemea karatasi mbili, hati ya mashtaka na cheti cha kuzaliwa.

Tuanze na hati ya mashtaka. Kupatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe, ambako zamani adhabu yake ilikuwa miaka 10, sasa ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini shtaka likiandikwa ulanguzi, dawa ya kati ya gramu 1 na 100 huleta faini isiyopungua shilingi milioni 30, au miaka 30 jela, au vyote pamoja. Ikizidi gramu 100, faini huanzia milioni 50 au mara tatu ya bei ya soko, kutegemea ipi ni kubwa, au miaka 50. Msokoto mwembamba waweza kuwa chini ya gramu moja, ila mitano kwenye mzani mmoja huvuka kwa urahisi. Vitu vilevile, mfuko uleule, na tofauti ni neno alilochagua aliyeandika shtaka.

Tena ulanguzi hauhitaji kijana awe tajiri wa unga (heroini). Kifungu cha 2 cha sheria hiyo ya dawa kinaujumuisha ununuzi, uuzaji, kumpa mtu, kuhifadhi, kubeba na kusambaza. Mvulana aliyempelekea rafiki yake misokoto miwili kwa bodaboda, kwa lugha ya sheria, amesafirisha. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo wakili hulitazama kwenye shtaka la ulanguzi ni tendo. Mahakama ya Rufaa ilishasema hati lazima itaje ni tendo lipi la ulanguzi linalodaiwa, na ushahidi uthibitishe hilo hilo. Hati ikisema "kwa kuuza" na askari anasimulia tu kwamba alimpekua kijana akiwa ameketi kwenye jiwe, kuna pengo. Kifungu cha 179 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu hakimu kushuka hadi kosa dogo la kupatikana nayo. Hapo mteja hajaachiliwa, lakini ametoka kwenye miaka 30.

Simu ndiyo inayoujaza pengo hilo kwa upande wa mashtaka. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "niwekee mbili" na M-Pesa ya shilingi 100 mara nne jioni moja hugeuza mvutaji kuwa muuzaji. Ushahidi wa aina hiyo unahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza nani alitoa nakala na kwa chombo gani, na mtetezi anayeacha picha za skrini zipokelewe bila kuuliza cheti amelala usingizi kazini. Kijana naye aelewe kwamba hana wajibu wa kumfungulia askari simu yake barabarani.

Kwa unga mambo ni mazito zaidi. Hata chini ya gramu moja, faini zake ni za mamilioni. Familia za Pwani zenye mtoto aliyezama humo zisijaribu kwenda kortini bila wakili.

Kuna mtego katika shtaka dogo la bangi ambao watu huuona wakiwa wameshanaswa. Ile adhabu nafuu hupewa anayeiridhisha mahakama kwamba bangi ilikuwa ya matumizi yake peke yake. Mzigo wa kuonyesha hilo uko kwake. Maana yake huwezi kusema asubuhi "si yangu" na jioni "ni yangu, lakini ya kuvuta mwenyewe." Hakimu atakuuliza lipi ni lipi. Uamuzi wa njia ya kupita hufanywa kabla ya kujibu shtaka, baada ya kusoma maelezo ya mashahidi, na ukishafanywa hushikiliwa hadi mwisho.

Sasa cheti cha kuzaliwa. Kifungu cha 221 cha Sheria ya Watoto kilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya hapo hashtakiwi. Wa miaka 12 hadi 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo, na kusema "alikimbia alipotuona" hakutoshi, kwani hata paka hukimbia askari. Kuanzia hapo hadi kabla ya 18, kijana bado ni mtoto mbele ya sheria, na kesi yake huenda mahakama ya watoto.

Hapa ndipo makosa ya kijinga hutokea. Kijana wa miaka 17 humwambia askari ana 19 kwa sababu ya fahari mbele ya wenzake, au kwa hofu kwamba shule itaarifiwa. Askari huandika 19 kwenye kitabu cha matukio, karani hunakili 19, na kesho yake amepanda kizimba cha watu wazima. Mzazi anayegundua kosa hilo alitamke mbele ya hakimu siku ya kwanza, kabla shtaka halijajibiwa, akiwa na karatasi mkononi. Asipokuwa nayo, korti huagiza tathmini ya umri hospitalini, ambako daktari hutazama meno na mifupa na kutoa makadirio. Makadirio yana mwanya, na mvulana mrefu wa miaka 17 aweza kutoka pale akiwa na "18 hadi 19." Cheti kilichotolewa wiki moja baada ya kukamatwa nacho huzua maswali, kwa hiyo kisindikizwe na kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo kama ipo, na rekodi za shule. Umri wa kushikilia ni wa siku ya tukio. Kesi za Kenya huenda polepole, na wengi husherehekea miaka 18 zikiwa bado zinaahirishwa.

Katiba, Ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti haikai, husogezwa hadi siku inayofuata ya korti. Ndiyo sababu misako ya Ijumaa jioni huuma. Aliyenaswa saa moja usiku mtaani huenda asione hakimu hadi Jumatatu. Mzazi anayefika kituoni usiku huo ana kazi mahususi: apate nambari ya OB (kitabu cha matukio) na jina la mpelelezi, aulize ni kosa gani limeandikwa, ataje umri wa mtoto na kuomba uandikwe, aombe afisa wa watoto aitwe, na aombe mtoto asichanganywe na watu wazima. Ibara ya 53 inasema mtoto azuiliwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na wakubwa. Kisha aombe bondi ya polisi. Ikihitajika pesa ya dhamana, idai risiti. Pesa isiyo na risiti haimtoi mtu kwenye hati ya mashtaka, na aliyeipokea leo aweza kuwa likizoni siku ya kesi.

Maelezo ya mdomo ya usiku ule yana uzito mdogo kuliko wazazi wanavyodhani. Chini ya kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, kukiri kosa hakupokelewi kortini kama hakukufanywa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe. Yale ya "alituambia ni yake tulipomkamata" hupingwa papo hapo yanapotamkwa. Yakishaingia kwenye kumbukumbu bila pingamizi, kuyatoa ni kazi nyingine.

Turudi kizimbani. Tangu mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu wa kupokea jibu la kukubali, na unafuatwa hadi leo: shtaka lisomwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, ukweli wa tukio usomwe, naye aulizwe kama anaukubali. Akisema "ni kweli nilikuwa na begi, lakini sikujua kilichomo," hajakubali kosa. Amekana, na hakimu anapaswa kuandika amekana. Neno "lakini" limewaokoa watu katika rufaa pale hakimu alipolipita bila kulisikia. Zaidi ya hapo, mtoto asiye na wakili ana haki ya kuwekewa mmoja kwa gharama ya serikali pale ambapo haki ingepotea bila yeye, na ombi hilo hutolewa kwa sentensi moja: "Mheshimiwa, mtoto hana wakili, tunaomba awekewe kabla hajajibu." Hakuna fomu ya kujaza kwanza.

Ukishakana, hoja zinafunguka, na iliyo pana zaidi ni maana ya kupatikana na kitu. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu kinavua kwa wavu mkubwa. Unamiliki kilicho mkononi mwako, kilicho kwa mwenzako ukijua, na kilichofichwa mahali popote kwa manufaa yako. Watu wakiwa kundi na mmoja wao ana kitu, wengine wakijua na kukubali, wote huhesabiwa kuwa nacho. Wavu huo hunasa vijana kwa sababu vijana hukaa makundi. Lakini maneno yanayoushikilia ni mawili, kujua na kukubali. Vijana saba chumbani kwenye sherehe, misokoto chini ya mto wa kiti: nani alijua? Kuketi karibu si kujua, na kujua bila kukubali hakujatimiza kifungu. Bwenini hoja huwa kali zaidi. Sanduku lililopatikana na kitu lilikuwa na kufuli? Funguo zilikuwa na nani? Mwenye sanduku alikuwepo likifunguliwa, au mwalimu wa zamu alilivunja wanafunzi wakiwa darasani na kumwita baadaye? Kitanda cha juu na cha chini hutumia kabati moja? Maswali haya hayapendezi kwenye runinga, ila ndiyo yanayozaa shaka, na shaka ni ya mshtakiwa.

Upekuzi wenyewe uchunguzwe. Msichana hupekuliwa na askari wa kike, kwa staha. Sheria haina uchaguzi hapo. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, Ibara ya 50(4) inautupa nje ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi.

Halafu kuna safari ya kielelezo, na ningemshauri wakili yeyote mchanga atumie nusu ya muda wake hapa. Fuata misokoto kwa hesabu. Orodha ya vilivyokamatwa, iliyosainiwa mahali pa tukio, inasema 12. Kitabu cha vielelezo kituoni kinasema 12. Barua ya kupeleka kwa Mkemia wa Serikali inasema 10. Ripoti ya mkemia inasema alipokea bahasha moja ya majani makavu, alama A. Ile miwili ilivutwa na nani? Linganisha tarehe. Kama kielelezo kilikaa siku 9 kabla ya kupelekwa, kilikaa kwa nani, na kabati lina kufuli? Kifungu cha 74A cha sheria ya dawa kinaweka utaratibu wa kupima na kuchukua sampuli mshtakiwa akiwepo, na polisi huuruka mara kwa mara kwenye kesi ndogo. Usiweke mayai yote humo, maana korti zimewahi kusema kuuruka huko peke yake hakuangushi kesi iliyosimama kwa ushahidi mwingine. Uunganishe na hesabu isiyolingana na bahasha isiyofungwa kwa lakiri. Na bila ripoti ya mkemia hakuna kesi ya dawa, kuna kesi ya majani. Biskuti za bangi huongeza swali lao: keki ya gramu 60 si bangi ya gramu 60, na anayetaka kuiita hivyo aulizwe kilichopimwa ni nini hasa.

Vidonge navyo vina mkondo wake. Bugizi (vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi) na tramadol (dawa ya maumivu) huuzwa kihalali kwa cheti cha daktari. Kijana mwenye kifafa au aliyefanyiwa upasuaji aweza kuwa navyo bila kosa lolote. Ilete kadi ya hospitali mapema, maana inaweza kuimaliza kesi mezani kwa mwendesha mashtaka.

Kuna njia ambayo haifiki hukumuni kabisa, nayo ni kumchepusha mtoto kutoka mkondo wa mahakama. Sheria ya Watoto inaruhusu hili lifanywe na polisi, na mwendesha mashtaka au na korti, katika hatua yoyote. Masharti yake ni kwamba mtoto akubali kuhusika bila kushurutishwa, yeye na mzazi waridhie, na uwepo ushahidi wa kutosha wa kosa. Badala ya kesi hupewa onyo, ushauri nasaha, ratiba ya kuhudhuria shule chini ya uangalizi, kazi ya jamii au kikao cha familia. Kwa mvulana aliyenaswa na msokoto mmoja kwa mara ya kwanza, sioni kwa nini faili ivuke mlango wa korti. Ombeni kwa barua kwa ofisi ya mwendesha mashtaka wa kituo hicho cha korti, mkiambatisha ripoti ya shule na miadi ya mshauri. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192, na ya watoto ni 116. Lakini tahadhari: mtoto asiyehusika asisukumwe kukubali ili "mambo yaishe." Akikiuka masharti, kesi hurudi, naye ameshakiri.

Ikifika hukumuni, mahakama ya watoto haitamki "hatia" wala "kifungo," na hili si pambo la lugha. Hutoa amri: kuachiliwa kwa masharti, probesheni (uangalizi wa afisa akiwa nyumbani), ushauri, faini ambayo mzazi aweza kuilipa, shule ya urekebishaji kama Wamumu au Kirigiti, au Borstal, taasisi ya kurekebisha vijana, kwa wakubwa kidogo, ambako wavulana hupelekwa Shimo la Tewa au Shikusa na wasichana Kamae. Hapo sheria ina kejeli yake. Mtu mzima mwenye misokoto mitano hulipa faini na kurudi kwa mkewe jioni. Mvulana wa miaka 16 mwenye misokoto hiyohiyo aweza kukaa Borstal hadi miaka 3, kwa nia njema ya kumrekebisha. Mtetezi asiridhike kusikia "si jela." Adai ripoti ya probesheni iliyoandikwa na mtu aliyefika nyumbani kweli, aonyeshe kuna mlezi, kuna shule itakayompokea, kuna mshauri aliyepangwa. Hakimu hutuma mtoto mbali pale anapoona nyumbani hakuna mtu.

Anayetimiza miaka 18 kabla ya tukio huanguka kutoka genge refu. Bado ana vitu vya kushika: kuachiliwa chini ya kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, probesheni, huduma kwa jamii, na kifungu cha 58 cha sheria ya dawa, kinachoruhusu sehemu ya muda wa mtumiaji kupita katika kituo cha tiba. Lakini haya huombwa. Hayaji yenyewe.

Shule nayo isigeuzwe korti ya pili. Mwalimu mkuu hawezi peke yake kumfukuza mwanafunzi kabisa. Suala hilo hupita kwenye kikao ambacho mzazi ameitwa, na uamuzi ni wa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Barua ya "atafute shule nyingine" iliyoandikwa siku ya kukamatwa inapingika.

Neno kwa walio karibu na mpaka. Miraa na muguka, majani ya kutafuna, ni biashara halali Kenya, hata baada ya magavana wa Pwani kuipiga marufuku muguka mwezi Mei 2024 na korti ya Embu kusimamisha amri zao. Ukivuka Lunga Lunga kwenda Horohoro, au Taveta kwenda Holili, kifurushi kilekile kinaitwa mirungi, na chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ni dawa ya kulevya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 nayo haifungi mtoto jela, ila kijana wa utingo mwenye miaka 18 hana kinga hiyo, na kusema "kwetu inauzwa sokoni" hakumsaidii kitu.

Mwisho wa kesi, iwe imeondolewa au amri imetimizwa, chukua nakala ya uamuzi iliyopigwa muhuri wa korti. Alama za vidole zilizochukuliwa kituoni hubaki DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na miaka mitatu baadaye, kijana akiomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya kazi au chuo, jina linaweza kuchomoza na kesi isiyo na mwisho. Afisa wa dawati hana namna ya kujua iliishaje. Nakala hiyo huhifadhiwa pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwenye bahasha moja.